Kofia 14 Zilizorudishwa

Swali: Najua kufuma kwa sindano na kwa kroshia, na nyumbani nina gunia zima la mabaki ya nyuzi. Nilifuma kofia 14 za watoto njiti nikazipeleka wodini. Zilipokelewa kwa shukrani, lakini wiki moja baadaye nikaitwa nizichukue, kwamba hawawezi kuzitumia. Sikuelezwa sababu, nami nikaona haya kuuliza. Baadhi nilizifuma kwa uzi wa sweta la zamani nililolifumua, nyingine kwa nyuzi zisizo na lebo, na chache nilizipamba kwa ua na kifungo katikati. Nilikosea wapi? Na huu uzi uliobaki niufanyie nini ili usaidie watu kweli?

Jibu:

Dada yangu, kwanza pole. Najua kofia moja ndogo inavyokula jioni nzima ya mtu, na wewe ulitoa jioni 14. Kurudishiwa mfuko ule bila maelezo kunauma. Nimefuma kwa ajili ya hisani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu kikundini imekuwa ukaguzi: kila kinachofumwa hupita mikononi mwangu kabla hakijafungwa. Kwa hiyo, ingawa kofia zako sijaziona, nadhani najua alichokiona muuguzi alipozitandaza mezani.

Mkono wako hauna shida. Shida ni mpangilio. Ulianza na uzi uliokuwa nao, ukamaliza kofia, ndipo ukaenda kumtafuta wa kuivaa. Kazi ya hisani inataka uanzie upande wa pili: umjue mvaaji, umjue na mtu atakayeifua hiyo kofia, halafu hao wawili ndio wakuchagulie uzi, kipimo na mtindo wa kufuma. Karibu yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Tuanze na mvaaji. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti milioni 13.4 duniani, kwa hiyo uhitaji upo na usikate tamaa. Mtoto huyu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili, hivyo hupoteza joto jingi kupitia kichwani. Ndiyo maana katika njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, mtoto hufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu. Siku hizi Shirika la Afya linapendekeza akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa fikiria kofia yako juu ya kichwa hicho kutwa kucha, kwenye ngozi nyembamba kama karatasi, huku shavu moja limelazwa kifuani kwa mama. Kila fundo linabonyea mahali fulani. Kifungo kinabonyea zaidi, na kikikatika kinaweza kuishia mdomoni. Kile kidonge cha nyuzi tunachopenda kukiweka juu ya kofia humfanya mtoto asiweze kulazwa vizuri, na kinanyonyoka manyoya. Kwa mtoto wa umri huo, pambo liwe rangi ya uzi wenyewe. Mistari miwili ya rangi tofauti inatosha kabisa, na akina mama huipenda.

Sasa chukua kofia mojawapo uigeuze, ndani iwe nje, kisha uishike mbele ya dirisha. Utaona mikia ya uzi pale ulipoanzia, pale ulipobadili rangi, na pale juu ulipofungia. Shika mmoja kwa kucha uvute. Ukitoka hata sentimita moja, ujue muuguzi naye aliuvuta na ukatoka. Hilo hulitafuta kabla ya kutazama uzuri, na ana haki. Uzi mwembamba au unywele ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga unaweza kukikaza mpaka damu isipite. Mtoto hawezi kusema. Atalia tu, na mzazi atadhani ni tumbo au njaa, hadi avue soksi akute kidole kimevimba na kubadilika rangi. Madaktari wa watoto wanalijua vizuri jambo hili. Hatari ni kubwa zaidi kwenye soksi na glavu kuliko kwenye kofia, lakini mikono ya mtoto hufika popote, na hata blanketi lenye matundu makubwa ya urembo linaweza kunasa kidole.

Kwa hiyo, unapokata uzi acha mkia wa angalau sentimita 15. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa, uupitishe ndani ya vitanzi kuelekea upande mmoja kwa sentimita tano hivi, halafu urudi nao kwa njia nyingine. Vuta kitambaa kila upande ili uzi ukae, ndipo ukate ncha. Usitegemee fundo, maana fundo hufunguka na hata lisipofunguka linaumiza. Wafumaji wengi wazuri huharibu kazi katika dakika hizi tano za mwisho, kwa sababu macho yamechoka na kofia inaonekana imekwisha.

Uzi wa sweta la zamani ndio ninaoushuku zaidi. Kama lile sweta lilikuwa la sufu, kofia zake zisingevuka dobi la kwanza. Vitu vya wodini hufuliwa kwa maji ya moto, mara nyingi sentigredi 60, na mashine haina huruma. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukikutana na maji ya moto, sabuni na msuguano, magamba hushikana na hayaachiani tena. Mwaka wangu wa pili wa kujitolea nilitoa blanketi la sufu la sentimita 90 kila upande. Mama aliyepewa alilifua kama anavyofua nguo zake nyingine, kama ambavyo ningefanya mimi ningekuwa na mtoto mchanga na usingizi wa saa tatu. Nilipoliona tena lilikuwa limepungua karibu nusu, nene na gumu kama zulia. Yule mama aliniomba radhi. Mpaka leo neno lile la radhi linanisumbua, kwa sababu kosa lilikuwa langu: nilimpa mtu aliyechoka kitu kinachodai kuhudumiwa.

Ipo sufu iliyotibiwa ili ivumilie mashine, na lebo yake husema hivyo. Hiyo ni nzuri. Lakini kama lebo hakuna, chukulia kwamba haivumilii.

Na usipojua kabisa uzi wako ni wa nini, uulize moto. Kata kipande cha sentimita 10, kishike kwa kibano cha chuma juu ya sahani ya udongo au sinki lenye maji kidogo, mbali na lile gunia, ukiguse kwa kiberiti. Pamba hushika moto haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu. Sufu huungua kwa kusitasita, hunuka nywele, na ukiondoa kiberiti mara nyingi hujizima. Jivu lake ni jeusi na linasagika kwa vidole. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani ulio jamii ya plastiki, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Nyuzi zilizochanganywa zitakupa majibu mawili kwa pamoja, na hizo ziweke kando kwa kazi isiyo ya wagonjwa wala watoto.

Akriliki laini na pamba ndizo zinazopokelewa na wodi nyingi, kwa kuwa zinafulika. Akriliki isiguswe na pasi, maana joto la pasi huua mvutiko wake na kofia hubaki imelegea daima. Pamba ni nzito kidogo na haivutiki sana, kwa hiyo ifume kwa ukingo wenye mistari ya juu na chini ili ishike. Na kabla ya yote, pitisha uzi huo shingoni mwako au ndani ya kiwiko, uusugue taratibu. Ukikuwasha wewe, usimpe mtoto.

Sasa kipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kofia nyingi zinapokataliwa. Kwa wastani, mzunguko wa kichwa cha mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 ni kama sentimita 26. Wiki ya 32 ni karibu 29 au 30, wiki ya 36 kama 33, na aliyetimiza miezi yake huwa na kama 35. Ona tofauti ilivyo ndogo: sentimita tatu zinamhamisha mtoto kutoka kofia moja hadi nyingine. Ukifuma “kofia ndogo ya njiti” kwa kukadiria kwa macho, utaangukia katikati, isimtoshe yeyote.

Maelekezo ya kufuma yanayosema “anzisha vitanzi 54” hayaujui mkono wako. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 kwa uzi na sindano zilezile. Kifue kama kitakavyofuliwa, kikaushe kikiwa kimelazwa, ndipo uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Tuseme kichwa ni cha sentimita 30. Kofia nzuri hukishika kwa kuvutika kidogo, hivyo hufumwa pungufu kwa asilimia 10 hivi, yaani sentimita 27. Kama sentimita 10 zako zimebeba vitanzi 20, vitanzi 54 ndivyo hasa. Lakini mwenzako mwenye mkono wa kubana, anayepata vitanzi 24 mahali hapohapo, akianzisha 54 atapata kofia ya sentimita 22 na nusu, itakayoacha alama nyekundu kwenye paji la uso. Mwenye mkono wa kulegeza, wa vitanzi 18, atapata sentimita 30 kamili, na kofia itamteleza mtoto hadi machoni. Watu watatu, maelekezo mamoja, kofia tatu tofauti. Kipande cha majaribio si kazi ya wanaoanza tu. Mimi hukifuma kila ninapofungua uzi mpya.

Kwa kofia za njiti ninapendelea sindano mbili kuliko kroshia, kwa kuwa kitambaa cha sindano huvutika na kurudi. Kroshia hutoa kitambaa kinene zaidi, kigumu kidogo, na hula uzi mwingi. Nguvu yake iko kwenye blanketi, vikapu na midoli: inakwenda haraka, na ukikosea kitanzi kimoja kazi nzima haiporomoki. (Kroshia halisi, ujue, mpaka leo hufanywa kwa mkono, mashine huiga sura yake tu. Kila kipande cha kroshia ulichowahi kukishika kuna mtu alikaa nacho.)

Jambo dogo ambalo huenda nalo lilichangia ni harufu. Uzi uliokaa guniani hubeba unyevu, dawa ya nondo, moshi, manukato, manyoya ya paka. Wewe umeizoea hewa ya nyumbani kwako, wodi haijaizoea. Fua kila kitu kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kabisa, funga kwenye mfuko unaoonyesha ndani.

Nije kwenye lile uliloona haya. Uliza, dada yangu. Tena uliza kabla ya kufuma, kwa sababu hata kitu kilichofumwa bila kasoro huweza kuwa mzigo kisipohitajika. Januari 2015, baada ya moto wa nyika nchini Australia, shirika la kutetea wanyama la IFAW liliomba glavu za pamba za kuwavika wanyama wa koala walioungua nyayo. Wafumaji wa dunia nzima waliitikia, na baada ya muda mfupi zikawa zimetosha. Shirika likageuza ombi na kuomba mifuko ya kulelea watoto wa wanyama wengine. Habari za pengwini wa Phillip Island, hukohuko Australia, zinafanana. Pengwini aliyepakwa mafuta na meli huvishwa sweta dogo ili asijinyonyoe na kumeza sumu kabla hajaoshwa. Mwaka 2001 mafuta yaliwapata pengwini 438, na masweta yale yalisaidia kwelikweli. Lakini watu waliendelea kufuma miaka mingi baada ya hapo, hadi yaliyozidi yakawa yanavishwa midoli inayouzwa kuchangisha fedha. Hilo nalo ni jema, ila mfumaji aliyedhani anaokoa ndege alistahili kuambiwa.

Usimwendee mlinzi wa mlangoni wala mtu wa kwanza unayemkuta. Mtafute muuguzi msimamizi wa wodi, au afisa ustawi wa jamii, au yule anayeratibu watu wa kujitolea. Mimi hutuma ujumbe kama huu, nawe unaweza kuutumia ulivyo:

“Habari za kazi. Mimi ni mfumaji wa kujitolea na ningependa kuwafumia. Kabla sijaanza naomba kujua: kwa sasa mnapungukiwa na nini, na saizi zipi? Vinafuliwa na nani, na kwa maji ya joto gani? Kuna uzi, rangi au pambo msilolipokea? Mngependa vingapi kwa mara moja, na nimkabidhi nani? Nitaleta kimoja cha mfano kwanza mkiangalie.”

Hicho kimoja cha mfano ndicho ufunguo. Ni rahisi kumwambia mtu “punguza sentimita mbili” akiwa ameleta kofia moja kuliko akiwa amesimama mbele yako na 14.

Ukiuliza hivyo, jiandae pia kusikia jibu usilolitarajia. Wodi ileile inaweza kukuambia kofia wanazo tele, wanachokosa ni mavazi ya watoto waliozaliwa wakiwa wamefariki. Ombi hili wengi hawalisikii mpaka waulize, kwa sababu hakuna anayependa kulitangaza. Mtoto wa wiki 22 au 23 anaweza kuwa na kichwa cha mzunguko wa sentimita 20 tu, na hakuna nguo dukani ya kumtosha. Bila mfumaji atafungwa kwenye kitambaa cha hospitali. Ngozi yake haivumilii kuvutwa, kwa hiyo usifume chochote cha kuvalishwa kichwani wala chenye mikono. Fuma kipande kinachofunguka kote, kinachotandazwa, mtoto akalazwa juu yake, kikakunjwa na kufungwa kwa utepe laini. Rangi ziwe nyeupe, krimu, au nyepesi sana. Uzi uwe mwembamba na laini kuliko wote ulio nao.

Na pamoja na hicho, fuma viraba viwili vinavyofanana kabisa, vya sentimita 15 kila upande. Kimoja huenda na mtoto. Kingine hubaki na mama. Sijui kazi nyingine ya uzi na sindano inayobeba uzito wa viraba hivyo viwili. Huwa nazima redio ninapovifuma, na kosa ambalo kwenye shali ningeliacha, hapa nafumua. Kama wewe mwenyewe umepita kwenye msiba wa aina hiyo, usijilazimishe. Wapo wengine watakaoifanya, nawe una mengine ya kufanya.

Viraba pacha vya namna hiyo vina kazi ya furaha pia. Mtoto akiwa ndani ya inkubeta, mama hukaa na kimoja kifuani na kingine huwekwa karibu na mtoto, kisha hubadilishana ili kila mmoja awe na harufu ya mwenzake. Ni vidogo, vya pamba, vinakwisha jioni moja. Ukitaka kuanza upya na wodi ile iliyokurudishia kofia, ningeanza na hivyo.

Utasikia pia habari za pweza wa kroshia, zilizoanzia Denmark mwaka 2013. Inasemekana mtoto hushika mikia ya pweza kama alivyokuwa akishika kitovu tumboni, akaacha kuvuta mipira ya dawa. Wazazi wengi wanawapenda, ila ushahidi wa kitabibu bado ni mdogo na wodi nyingine hazitaki kabisa. Ukiombwa, fuma kwa pamba tupu, kwa kubana sana ili kijazio kisitoke, macho yatariziwe kwa uzi, na mkia ukivutwa usizidi sentimita 22 ili usiweze kumzunguka shingoni.

Nje ya wodi za watoto uwanja ni mpana. Mtu anayepata tibakemikali, yaani dawa kali za saratani, akipoteza nywele, ngozi ya kichwa huwa nyororo na huuma kirahisi. Kofia yake iwe ya pamba au akriliki laini kabisa, isiwe na mshono mnene nyuma ya sikio, isiwe na matundu ya urembo yanayoonyesha upara, na ishuke vizuri hadi shingoni. Kwa wanawake waliokatwa titi kwa ajili ya saratani kuna matiti ya kufuma, mepesi, ya kuweka ndani ya sidiria. Mpango mkubwa wa namna hiyo, Knitted Knockers, ulianza Marekani mwaka 2011 na huyatoa bure. Hapo uzi huchaguliwa kutoka orodha maalumu, kwa kuwa kitu kinakaa juu ya kovu, kwa hiyo mabaki ya guniani hayafai. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau kuna mfuko wa mikono, kama bomba la kitambaa la sentimita 30 kwa 60 kabla ya kukunjwa, lenye vifungo, zipu na tepe za kuchezea ndani na nje, kwa sababu mikono isiyotulia hupata utulivu ikiwa na kitu cha kushika. Huku ndiko vifungo vyako vinakotakiwa! Vishone kwa uzi imara, mara mbili, kisha vuta kila kimoja kwa nguvu zako zote.

Kwa wanaolala nje, fuma kofia nene za tabaka mbili na soksi, rangi nyeusi, kijivu, bluu ya giza. Rangi za kung'aa humtangaza mtu asiyetaka kutangazwa, na huchafuka haraka. Hapa ndipo sufu inaporudi kwa heshima yake: huweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujausikia, na hata ikilowa bado inatunza joto. Skafu uliza kwanza, baadhi ya vituo havipokei kitu kirefu kinachoweza kufunga shingo.

Basi, gunia lako. Lipange mafungu kwa aina ya uzi kwanza, halafu kwa unene, na rangi iwe ya mwisho. Watu hupanga kwa rangi kwa kuwa inapendeza macho, matokeo yake blanketi moja linakuwa na viraba vya pamba na vya sufu, na dobi la kwanza linavikunja hivi huku vile vimebaki palepale. Nyekundu na bluu ya giza zijaribu kwa kuzilowesha na kuzikamua ndani ya kitambaa cheupe. Zikiacha alama zisikae karibu na nyeupe.

Mabaki mengi hufaa zaidi kuwa viraba. Mpango wa Warm Up America, ulioanza mwaka 1991, ulijengwa juu ya wazo hilo: kila mtu anafuma kipande cha inchi 7 kwa 9, yaani kama sentimita 18 kwa 23, na vipande 49 vinatoa blanketi moja. Si lazima utumie kipimo hicho, ila chagua kimoja ukishike. Kiraba cha sentimita 20 kiwe cha 20, kisiwe cha 19 wala 21 na nusu, kwa sababu atakayeunganisha ndiye anayelipa tofauti hiyo kwa macho yake. Mwachie mkia wa sentimita 50 pembeni aunganishie. Kuunganisha ndiyo sehemu isiyopendwa na mtu, na kama unaipenda, kikundi chochote kitakupokea kwa mikono miwili.

Katika kila mfuko unaotoa, weka kadi ndogo: uzi ni wa nini, unafuliwaje, unakaushwaje. Kwenye vitu vya watoto wachanga mimi huongeza mstari mmoja kwamba nyumbani mtoto asilazwe usingizini na kofia, wala blanketi lililolegea kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu anaweza kupata joto kupita kiasi au kuzibwa pumzi. Usiandike anwani yako, usiweke pini, usiweke mahubiri. Na tafadhali usiombe picha ya aliyepokea. Najua hamu hiyo, nami ninayo. Lakini mtu akiwa hospitalini au asiye na makazi hapaswi kulipia kofia kwa uso wake.

Zile 14 sasa. Zitenge kwa jaribio la moto ukitumia vipande vilivyobaki vya nyuzi zilezile. Za sufu za sweta zitoe kwenye fungu la watoto, uzifumue, uzi uupitishe kwenye mvuke ili unyooke, uwe kofia nene za watu wazima wanaolala nje. Za akriliki na pamba ng'oa maua na vifungo, zigeuze ndani nje, urudie kuficha kila mkia, kisha zifue kwa maji ya moto hasa. Zilizobadilika umbo ziweke kando. Zilizosalimika zipime kwa tepu bila kuzivuta, uandike kwenye kipande cha karatasi sentimita ngapi kila moja, na umtumie muuguzi msimamizi orodha hiyo pamoja na ule ujumbe. Mwambie wewe ndiye uliyeleta kofia zile, na kwamba ungependa kujua ni ipi kati ya hizi umpelekee kwanza kama mfano.